Ule mwandiko ni wangu

Mwaka 2008 nilikuwa nimemaliza fomu foo nasubiri matokeo, nakaa kwa bibi kijijini huko mkoa wa Pwani, kazi yangu kuchota maji na kupiga stori kijiweni. Siku moja mtendaji wa kijiji akanikuta akasema dogo wewe una mwandiko mzuri, kesho kuna mkutano mkuu njoo unisaidie kuandika mahudhurio, soda ipo. Mimi huyo nikajiona tayari mtumishi wa serikali, nikapiga na shati pasi.

Mkutano ulikuwa chini ya mkorosho, ajenda ni pampu ya kisima iliyokufa na madawati ya shule, basi. Kisima peke yake watu walibishana karibu saa mbili nzima. Kwenye mengineyo ndo mwenyekiti akagusia kwamba kuna mwekezaji anataka kuja kuliangalia pori letu la upande wa mtoni, anataka kulima. Mzee mmoja akauliza, pori lote? Akajibiwa mzee wangu hilo bado, akija utamuuliza mwenyewe. Tukafunga.

Muda wote huo napita na kauntabuku. Anayejua kuandika anasaini, asiyejua naandika jina lake halafu nampaka wino wa kalamu ya biki kwenye dole gumba maana pedi ya muhuri ilikuwa imekauka, anagandamiza. Zamu ya bibi ilipofika akanipa mkono, "mume wangu taratibu, dole hilo ndo nasukia mkeka", watu wakacheka. Zilijaa kurasa tatu. Neno MAHUDHURIO na tarehe niliandika ukurasa wa kwanza tu, zile mbili za nyuma majina na saini matupu, nani angewaza.

Mwaka uliofuata bibi akarudi kutoka kukata ukindu mikono mitupu, anasema amekuta miti imepakwa rangi nyekundu na kuna vijana asiowajua wamemwambia mama hapa hapapitwi. Wazee wakajipanga kwenda wilayani, wakanichukua niwasomee. Tukatolewa fotokopi ya muhtasari wa ule mkutano, umechapwa kwa kompyuta vizuri kabisa, wananchi kwa kauli moja wameridhia kumpa mwekezaji lile pori, na nyuma yake zimepigwa pini kurasa mbili za majina.

Ule mwandiko ni wangu. Nilimwona mpaka bibi, dole lake limelala upande kidogo kwa sababu alikuwa anacheka, kwenye fotokopi limekuwa jeusi. Mzee mmoja akaniuliza mbona umenyamaza kijana, soma. Nikasoma mpaka mwisho. Kwamba majina nimeandika mimi nilikuja kulisema tukiwa kwenye basi tunarudi, na hakuna aliyenijibu hadi tunashuka.

Baadaye sana ndo nikaja kuisoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999. Kumbe halmashauri ya kijiji haina ubavu wa kugawa ardhi bila mkutano mkuu kukubali, na ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani si ya kijiji tena, mwekezaji anaweza kukaa nayo mpaka miaka 99. Sheria nzuri tu sikatai, ila ulinzi wote wa mwanakijiji umewekwa kwenye ule mkutano, na ushahidi wa mkutano ni karatasi, na karatasi ndo hiyo niliyoandika mimi kwa ahadi ya soda ambayo hata sikupewa.

Wazee hawakukubali, walienda na kurudi wilayani mpaka ukaitishwa mkutano mwingine, safari hii na watu wa wilaya wamekaa mbele. Nikaombwa tena kuandika (mwandiko nao!). Nikaandika kila ukurasa juu kabisa, mahudhurio ya mkutano wa kukataa kutoa pori, tarehe, namba ya ukurasa, na mistari iliyobaki wazi nikaikata kwa rula. Nilipofika kwa bibi hakutoa mkono. Akasema soma kwanza hapo juu, kwa sauti, na hawa wenzangu wasikie. Nikasoma. Akasema rudia. Nikarudia, ndo akatoa dole.

Pori lilirudi nusu. Ukindu ulikuwa nusu ile nyingine, na bibi mpaka anafariki alikuwa anaununua gulioni kwa fungu.