Jioni Bunduki Zilipochomwa Ngong

Taarifa ya saa moja ilitukuta barazani, tumetoka kuswali Maghribi, barakoa zimeshuka videvuni. Ilikuwa Juni 2021. Kwenye runinga ya muuza kahawa, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa Ngong, karibu na Nairobi, akiwasha moto rundo la bunduki haramu 5,144. Mwaka 2016 zilichomwa 5,250, Ngong vilevile, na aliyewasha ni Ruto, naibu wake wakati huo.

Watu walifurahi, na sisi wa Lamu tuna sababu. Tangu serikali ya Somalia ianguke 1991, silaha zinavuka mpaka kuja huku, na mauaji ya Mpeketoni, Juni 2014, hayajatutoka.

Ami hakushangilia. Ujana wake wote alifua misumari ya majahazi. Hakumtazama Rais hata kidogo, alitazama moto.

"Hizo ziwakazo ni mbao na mafuta," akasema. "Chuma kiko palepale."

"Ami, hata serikali wataka kuisomesha?" kijana mmoja akamchokoza.

Basi akaanza. Chuma cha pua hakiyeyuki mpaka kifike karibu nyuzi 1,500, na moto wa uwanjani haufiki huko, hata umwagiwe dizeli vipi. Kitako cha mbao kitaungua, mtutu utabaki. Vijana wakaguna: kumbe kazi bure?

"Sikusema bure."

Akanyoosha mkono, akachomoa kalamu mfukoni mwangu bila kuniuliza, akaifungua na kutoa springi. Akaishika kwa koleo la muuza kahawa, akaizika kwenye makaa ya jiko mpaka ikawa nyekundu, kisha akaiacha ipoe taratibu. Alipoivuta kwa kucha, ilirefuka ikabaki hivyo hivyo, legevu, haikurudi.

"Bunduki ina springi ngapi? Zote zikipata moto zimekufa. Haifyatui tena."

Nilimwelewa kuliko nilivyomwelewa mtangazaji. Kuni na moshi ni vya kamera. Kazi yenyewe inamalizika kwenye tanuri la kuyeyushia, na huko hakuna anayepeleka kamera. Ami naye hilo ndilo lililomkera, mabaki.

"Wangeniletea mimi. Ningeyafua misumari ya jahazi zima."

"Na nauli ya kutoka Ngong, ami, utalipa wewe?"

Kwa hilo hakuwa na jibu. Akaagiza kahawa nyingine, kwa hesabu yangu.