Bibi mwenye nyonga iliyovunjika ni mgonjwa wa nani?

Likitajwa suala la wazee hospitalini, utasikia tunahitaji mabingwa wa magonjwa ya wazee. Sawa, ila bibi aliyeteleza shambani Marangu jana jioni hafikii kwao. Anafikia kwa daktari wa mifupa. Babu aliyezibwa mkojo na tezi dume anapelekwa kwa wapasuaji, mwenye mtoto wa jicho kwa daktari wa macho. Basi tuwashawishi hao wamwangalie mzee mzima, hasa wanaosomea ubingwa pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kabla hawajazoea kuona mfupa bila mwenye mfupa.

Chukua hiyo nyonga. Mzee akilazwa wiki kadhaa mguu ukivutwa kwa uzito, mfupa unakuwa tatizo dogo. Anapata nimonia, damu inaganda miguuni, makalio yanatoka vidonda, misuli inakwisha. Uingereza wanalenga kumpasua ndani ya saa 36, na tangu 2010 hospitali inalipwa nyongeza kwa kila mgonjwa aliyepasuliwa kwa wakati na kuonwa na daktari wa wazee. Semina peke yake hazipangui ratiba ya chumba cha upasuaji. Fedha na rejista zinaipangua. Sisi tusio na fedha hizo tunaweza kuanza na rejista: saa aliyofika, saa aliyoingia kupasuliwa, sababu ya kuchelewa, na zisomwe kwenye kikao cha idara kila mwezi.

Wodini, maumivu kwanza. Picha ikishaonyesha mvunjiko, achomwe ganzi ya neva kinenani. Parasetamoli gramu 1 kila saa 6 kama amezidi kilo 50, morfini kidogo kidogo ikibidi. Diklofenaki iachwe: mzee ambaye hajanywa maji vizuri tangu jana, na yuko kwenye vidonge vya presha, figo zake zinaweza kugoma ndani ya siku chache.

Kisha kuna agizo la “asile wala kunywa chochote kuanzia saa sita usiku”. Saa nane mchana upasuaji unaahirishwa, kesho yake vilevile, na mtu ana kiu siku mbili. Chakula kizuiwe saa 6 kabla; maji au chai ya rangi aendelee hadi zibaki saa 2.

Kinachowaponyoka wengi ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Anayepiga kelele na kung'oa dripu anaonekana. Aliyelala kimya, hali chakula, anajibu nusu sentensi, anaandikwa kwenye faili “anaendelea vizuri”. Mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume, au umuulize siku ya soko la kwao. Hesabu za shuleni zinamwonea ambaye hakusoma. Muulize pia kwa lugha yake. Bibi wa Rombo anayejibu Kichaga hajachanganyikiwa, muuguzi ndiye hajaelewa, kwa hiyo mwiteni ndugu, naye ndiye atakayesema kama bibi alikuwa hivi juzi. Ikithibitika kwamba amechanganyikiwa, tafuta chanzo: maumivu, oksijeni kushuka, kibofu kujaa, choo kigumu, maambukizi, dawa mpya. Diazepamu ya kumtuliza usiku kwa kawaida huongeza tatizo. Miwani yake isiachwe kwenye mfuko wa ndugu.

Mpira wa mkojo utolewe mapema, asubuhi inayofuata upasuaji kama hakuna sababu ya kuubakisha. Siku hiyohiyo akalishwe kitini na kusimamishwa; daktari akishaandika “aruhusiwe kukanyaga” bila masharti, mtu wa mazoezi ya viungo hana cha kuogopa.

Kabla ya kuruhusiwa, aulizwe alianguka kwa nini. Pima presha akiwa amelala, halafu dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, dawa zake zipitiwe upya papo hapo wodini, maana akirudi nyumbani na vidonge vilevile anaweza kuanguka tena na kuvunja nyonga ya pili.