Walisema imeshindikana, nikauliza ni njia ipi

Macho ya mama yalipogeuka manjano, kila aliyekuja kutujulia hali hapa Ujiji alileta mizizi yake, na mjomba akashikilia kwamba manjano huondoka yenyewe. Ushauri ule unanikera hadi leo. Mama hakuwa na homa wakati ule, alijikuna usiku kucha hadi ngozi ikachubuka, mkojo ulikolea na choo kikawa cheupe kama majivu. Hizo ni dalili za mfereji wa nyongo ulioziba, na hakuna mzizi unaozibua mfereji uliobanwa na uvimbe.

Ultrasaundi ya hospitali ya Maweni, hapa Kigoma, ilionyesha mifereji ya ini imetanuka. Dar es Salaam wakauona uvimbe kwenye kichwa cha kongosho. Wakajaribu kupitisha kamera mdomoni ili wafike panapomwagikia nyongo kwenye utumbo mwembamba na kuweka stenti, yaani kijibomba cha kuuacha mfereji wazi, lakini utumbo wenyewe ulikuwa umebanwa, kamera haikupita. Tukaambiwa imeshindikana, na ndugu wakaanza kuulizia treni ya kurudi.

Mimi nikamfuata daktari: "Samahani, daktari, imeshindikana kwa njia ipi, na zimebaki zipi?" Akanichorea mbili nyuma ya fomu. Ya kwanza ni sindano inayopita katikati ya mbavu hadi kwenye ini, kisha mpira unabaki nje na mfuko wake. Ya pili, iliyoripotiwa Ufaransa mwaka 2003, hutumia kamera yenye ultrasaundi kwenye ncha: ikiwa tumboni huiona mifereji ya upande wa kushoto wa ini, sindano hutoboa ukuta wa tumbo, waya hupitishwa, na stenti ya chuma huunganisha ini na tumbo. Hiyo ya pili tulishauriwa kuifuata India.

Kwa kuwa mama alishaanza homa ya kutetemeka, alichomwa vitamini K ili damu igande vizuri, akawekewa mpira wa nje kwanza.

Tuliporudi Kigoma kusubiri pasipoti na fedha, mpira ule ndio uliokuwa kazi. Mfuko lazima uwe chini ya pale mpira unapoingilia. Plasta ilibanduka kwa jasho, na tulipoufunga kitandani, kila alipojigeuza nyuzi zilivutika. Nikashona mkoba wa khanga wa kuvaa begani, unaofika pajani, nikauwekea kitanzi kinachoubana mpira kiunoni huku kipande cha juu kikibaki kimelegea, ili uzito wote ubebwe na kitambaa badala ya ngozi. Muuguzi aliyekuwa akimsafisha kidonda aliniomba nimshonee mgonjwa wake mwingine. Nyongo niliipima kila asubuhi kwa jagi lenye alama, na mama akanywa ORS, maana nyongo inayotoka nje huondoka na maji na chumvi.

Chennai, kule India, ilimaliza fedha za kiwanja cha Mwandiga na sehemu kubwa ya michango. Stenti iliwekwa, na walipohakikisha nyongo inateremka tumboni, mpira wa nje ukatolewa. Muwasho ulikwisha kabla ya manjano. Bilirubini, ile rangi ya manjano iliyojaa kwenye damu, iliposhuka ndipo madaktari wakakubali kuanza dawa za saratani, ambazo awali walikataa kumpa. Stenti haiondoi uvimbe, nayo inaweza kuziba. Ndiyo maana ripoti yake imo kwenye pochi ya mama na nakala iko Maweni, na akitetemeka kwa homa, hata usiku wa manane, tunakwenda.