Faili lilipogoma mwisho wa mwezi

Mhasibu wetu alinipigia simu saa tatu usiku. "Kaka, mfumo unakataa ankara mpya." Kabla hajamaliza nilishajua. Ankara, stoo na mishahara vyote vilikuwa vinaishi ndani ya faili moja la Microsoft Access, programu ya kutunza data (databesi), kwenye folda tuliyokuwa tukichangia ofisi nzima. Faili la Access haliwezi kuvuka GB 2, na letu lilikuwa limegonga ukuta. Usiku ule nilizitoa ankara kuukuu nikazitia kwenye faili jingine, lile la kwanza nikalifinya likapumua. Asubuhi nikamwambia Mzee, yaani bosi, kwamba kiraka kile hakimalizi miezi mitatu.

Kumbe kila mtu alikuwa na databesi yake moyoni. Mzee alitaka Oracle, kwa kuwa ndilo jina alilowahi kulisikia kwenye mabenki. Dogo anayetuandikia programu alitaka MongoDB. Mimi nilikuwa upande wa MySQL, na sababu yangu haikuwa ya kitaalamu hata kidogo: ndiyo niliyoianza nayo kazi.

SQL Server, databesi nyingine ya Microsoft, tuliimaliza mapema. Toleo lake la bure, Express, wakati ule lilikuwa linaishia GB 10 kwa kila hifadhidata, kwa hiyo tungehama leo na kuhama tena kabla hatujazoea. Matoleo makubwa yana leseni, na leseni inayohesabiwa kwa viini vya prosesa ina tabia moja: siku unapoongeza nguvu ya seva, bili nayo inaamka. Kwa hesabu hiyohiyo Oracle nayo ikaondoka. Mzee alinyamaza alipoona karatasi ya bei.

Dogo alinipa kazi zaidi. Hoja yake ilikuwa kwamba MongoDB haikulazimishi kupanga majedwali mapema, unaingiza data ilivyo. Nikamjibu kwamba hilo ndilo lililotuumiza miaka yote. Nilipochungulia faili letu nilikuta ankara za wateja ambao hawamo kwenye orodha ya wateja, na bidhaa ileile imeandikwa kwa majina manne. Kusema haki, lile shutuma la zamani kwamba MongoDB haina miamala (mabadiliko yanayofaulu yote pamoja au kufutwa yote) ya nyaraka nyingi kwa pamoja limepitwa na wakati, uwezo huo upo tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018. Lakini ankara ina mteja, ina bidhaa, ina malipo, na vyote vinashikana. Data ya namna hiyo inataka majedwali.

Zikabaki MySQL yangu na PostgreSQL, databesi nyingine ya bure ya majedwali. Mitandaoni utakuta watu wanazishindanisha kwa kasi. Kwetu kasi haikuwa na maana, maana watu thelathini wanaobofya ankara hawawezi kuichosha hata mojawapo. Nilichukua karatasi nikaandika makosa tuliyowahi kuyafanya kweli, kisha nikayarudia kwa makusudi kwenye kila databesi nione ipi itakataa.

Kosa la kwanza: stoo kuwa na idadi hasi. Nikaweka sharti kwamba kiasi kisishuke chini ya sifuri, halafu nikaingiza -3. PostgreSQL ikakataa palepale. MySQL ikapokea, kimya, bila hata onyo. Nilidhani nimekosea kuandika. Baadaye nikagundua kwamba seva tuliyopewa kujaribia ilikuwa na toleo la 5.7, na MySQL kabla ya 8.0.16 ililisoma sharti la CHECK na kulipuuza. Matoleo mapya yamerekebisha, najua. Ila imani yangu ya miaka mingi ilitikisika mchana ule.

Kosa la pili: wauzaji wawili kuuza kitu kimoja kilichobaki. Nikafungua madirisha mawili ya PostgreSQL, nikaanza muamala katika kila moja, yote yakipunguza kiasi kwa moja. La pili lilisubiri. Nilipokamilisha la kwanza, la pili likaiona sifuri, likajaribu kushuka, sharti likalizuia. Dogo alisimama nyuma yangu akasema, "Rudia." Nikarudia.

Kilichonivuta kabisa ni kwamba katika PostgreSQL hata kubadili muundo wa jedwali kunaweza kukaa ndani ya muamala. Ukiharibu katikati, unarudisha nyuma kana kwamba hukugusa. Kwenye MySQL amri ya namna hiyo inakamilisha muamala yenyewe. Kwa mtu anayehamisha data chafu kama yetu, huo ni usingizi wa usiku.

Mzee aliuliza swali moja tu: "Ikifa leo mchana, kesho tunauza?" Bekapu ya usiku peke yake ingetupotezea mauzo ya asubuhi nzima, kwa hiyo tukaanza kuhifadhi pia kumbukumbu za mabadiliko, WAL, ili turudi hadi dakika tunayoitaka. Nikafuta jedwali kwenye seva ya majaribio nikajaribu kulirudisha. Mara ya kwanza nilishindwa, faili moja la kumbukumbu halikuwa limenakiliwa. Mara ya pili likarudi.

Tukahamia PostgreSQL. Mwisho wa mwezi wa pili, saa tatu usiku, simu ya mhasibu tena: "Kaka, mfumo unakataa."

Safari hii kosa lilikuwa langu. PostgreSQL huanzisha prosesi kwa kila muunganisho, na mpangilio wake wa kawaida ni miunganisho 100. Programu zetu tatu nilikuwa nimeziruhusu kufungua 40 kila moja. Hesabu ya darasa la pili. Niliipunguza usiku uleule, na wiki iliyofuata nikaweka PgBouncer katikati ili programu zigawane miunganisho michache. Mhasibu hajapiga simu usiku tangu hapo, ila sasa anapiga mchana akitaka ripoti mpya.