Turbo ilipoishiwa pumzi Kitonga

Gari langu la petroli lenye turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) lilianza kuchoka nikipanda mlima Kitonga, Iringa. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma, mwendo hauongezeki, nyuma moshi mweusi. Taa ya injini haikuwaka. Fundi akasema turbo imekufa. Sikukubali kutoa pesa yote hiyo bila kipimo.

Nikachomeka kifaa cha ELM327, kinachosoma kompyuta ya gari, kwenye soketi yake ya vipimo (OBD) chini ya usukani, nikafungua programu kwenye simu na kutazama presha ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye injini. Presha hii huhesabiwa kuanzia sifuri kamili, pasipo hewa kabisa: injini ikiwa imezimwa, Dar inasoma kama kilopaskali (kPa) 100, Iringa mjini kama 84. Iandike kwanza, kwa sababu ndiyo utakayoitoa kwenye presha ya safarini ili upate nguvu ya turbo yenyewe.

Mdogo wangu akashika simu, mimi gia ya tatu, mafuta mpaka chini. Ilifika 115. Kwenye rekodi zangu za zamani, barabara ileile, ilikuwa 160. Basi turbo inapuliza, ila huenda hewa inapotelea njiani. Kihisi cha hewa kilicho kabla ya turbo kilikwishaihesabu hewa hiyo, kompyuta ikamwaga petroli ya kulingana nayo. Ndiyo maana ya ule moshi.

Tukaingiza upepo kidogo wa kompresa kwenye mabomba ya hewa ya turbo, tukapaka maji ya sabuni. Mapovu yakachemka chini ya mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo): klipu imelegea, na mpira una ufa mwembamba ambao huuoni mpaka uukunje kwa vidole.

Nikabadilisha mpira na klipu zote mbili. Safari iliyofuata ilisoma 158, moshi hakuna.