Nilivyorudisha maziwa ya titi baada ya wiki tatu za maziwa ya ng'ombe

Atupele alizaliwa mwezi wa sita, ule mwezi ambao baridi ya Mbeya inaingia hadi kwenye mifupa, akiwa na kilo 3.1. Mwezi wa kwanza ulipita salama, akafika kilo 4. Wiki ya tano akabadilika. Ikifika saa kumi na moja jioni anaanza kulia anataka titi. Nikimpa ananyonya dakika tano anaachia, nikimtoa analia zaidi, mpaka saa nne usiku. Nikijishika, matiti yamelegea. Nikaamini maziwa yamekauka.

Mama mkwe alikuwa ametoka Tukuyu kuja kunitunza. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, na kule Rungwe mtoto kulia njaa wakati ng'ombe yupo zizini ni aibu ya nyumba. "Mama Atupele, mtoto hashibi. Baba yake nilimkuza hivihivi." Akaingia jikoni. Kikombe cha maziwa, kikombe cha maji, kijiko cha sukari, akachemsha mpaka yakapanda mara tatu, akapoza, akatia kwenye chupa. Mtoto alikunywa yote na kulala masaa manne mfululizo. Usiku ule nilimshukuru huku nalia, sitaficha.

Siku chache baadaye choo kikawa kigumu, vidonge kama vya mbuzi. Nikamweleza wifi yangu aliyeko Dar, naye akanitumia WhatsApp mapishi mengine: maziwa ya mbuzi, asali na mafuta ya nazi, eti ni sawa na ya kopo ya watoto wachanga ila ya asili. Kilichoniokoa ni kwamba maziwa ya mbuzi hapa Uyole hayapatikani kirahisi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba asali haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja kabisa, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Na mapishi ya namna hiyo si ya kwetu tu: Marekani, mwaka 2021, mamlaka yao ya chakula na dawa ilitoa onyo baada ya watoto kulazwa kwa upungufu wa kalsiamu kutokana na maziwa yaliyotengenezwa nyumbani.

Kliniki ya wiki ya nane mzani ulisoma 4.1. Gramu 100 tu tangu atimize mwezi! Nesi akauliza anakula nini. Nikasema titi. Akaiangalia kadi, akaniangalia mimi, hakuandika kitu. Nikasema ukweli.

Hakunifokea. Alinieleza kwamba maziwa ya ng'ombe yana protini karibu mara tatu ya maziwa ya mama, na chumvichumvi nyingi ambazo figo changa haziziwezi. Madini ya chuma ni machache, na utumbo wa mtoto unaweza kuvuja damu kidogokidogo bila wewe kuiona. Ukizidisha maji unapunguza chumvi, lakini na nguvu inapungua. Ukitia sukari unarudisha nguvu, ila mafuta na vitamini hazirudi. "Huwezi kuyarekebisha jikoni," alisema.

Lililonichoma ni la pili alilonieleza. Ile kulia ya jioni ya wiki ya tano ni kawaida, mtoto anaagiza maziwa ya kesho. Matiti kulegea si kukauka. Mimi nilimpa chupa, akashiba, akaacha kuagiza, na mwili wangu ukaacha kutengeneza.

Tukaanza upya palepale. Alinikalisha, akamweka Atupele kifuani kwangu bila nguo, akatufunika blanketi. Mtoto akakataa chuchu, ameshazoea chupa. Nesi akachukua kijiko cha chai, akawa anadondosha maziwa juu ya titi tone kwa tone, yanateremka mpaka kwenye chuchu. Atupele akalamba, akafungua mdomo, akashika. Nilisikia ule mvuto niliokuwa nimeusahau.

Kwa kuwa uzito ulikuwa umesimama, niliambiwa nimwongezee ya kopo, kwa kikombe na si chupa, kipimo kama kilivyoandikwa, unga ukorogwe kwenye maji yaliyochemka yakiwa bado ya moto sana, kisha yapozwe. Kopo moja lilimeza faida ya genge langu ya wiki nzima. Titi kwanza, kopo baadaye, na kila siku chache napunguza.

Nyumbani ilikuwa kila masaa mawili, usiku nao, kwa sababu usiku ndio homoni ya kutengeneza maziwa inapanda zaidi. Akimaliza kunyonya nakamua kwa mkono. Siku ya kwanza yalifunika kitako cha kijiko tu. Siku ya tisa nilipata nusu kikombe, nikamwamsha mume wangu saa tisa usiku aje aone. Supu ya kongoro ilinipa joto, sikatai, ila kilicholeta maziwa ni kunyonywa. Nilihesabu nepi: zikifika sita zenye mkojo mzito kwa siku, nalala kwa amani. Wiki ya nne kopo likaisha, sikununua lingine. Mzani ukasoma 5.2.

Kazi ngumu ilikuwa mama mkwe. Kumwambia mzee wa Kinyakyusa kwamba maziwa yake yamemrudisha mjukuu nyuma, unaanzia wapi? Sikumwambia. Nilimwomba anisindikize kliniki, na nesi akamsalimia kwa heshima zote: "Shikamoo bibi. Huyu ukimlisha mama yake vizuri, yeye atalishwa." Njiani hakusema neno.

Kesho yake alichemsha maziwa kama kawaida, mpaka yakapanda mara tatu. Akaacha sukari, akamimina kwenye kikombe kikubwa cha bati, akakileta kitandani. "Kunywa wewe," akasema, akasimama pale mpaka nikamaliza.