Tulifika Kunduchi, Bahari Haipo

Mjomba alikuja Dar es Salaam kwa harusi ya binti yake. Harusi ilipokwisha zikabaki siku mbili kabla ya basi la Mwanza, akaniambia hataki kuonyeshwa maghorofa, anataka bahari. Mzee huyu amevua Ziwa Victoria zaidi ya miaka arobaini, kwao ni Ukerewe, maji pande zote, lakini ya chumvi alikuwa hajayaonja.

Mimi ni mtu wa Tabata mwaka wa kumi na moja sasa. Bahari yangu ni Coco Beach Jumapili jioni: muhogo wa kukaanga, pilipili, spika zinazoshindana, kisha nyumbani. Kwa hiyo nilijiona mwenyeji.

Siku ya kwanza tulizunguka mjini. Makumbusho ya Taifa alipita upesi, akatua kidogo tu kwenye habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Palipomkamata ni Feri, soko la samaki. Pale tulikaa saa tatu. Alifunua mashavu ya nguru, ya kolekole, ya changu, mpaka mchuuzi mmoja akamuuliza kama ananunua au anakagua. Mnada aliuelewa papo hapo, maana ziwani nao upo. Pweza ndiye aliyemshinda. Alimtazama akikaangwa, akanigeukia: "Mpwa wangu, hiki kitu mifupa yake iko wapi?" Hakumgusa.

Kesho yake tukaelekea Kunduchi, tuvuke kwenda kisiwa cha Mbudya. Magari mawili, tukashuka Mtongani, bajaji mpaka ufukweni. Saa nne asubuhi tumeshafika, nami najisifu kwa kuwahi.

Bahari haikuwapo.

Sitanii. Ngalawa zimelala ubavu juu ya mchanga, boti za faiba zimekaa kama magari gereji, na maji yenyewe ni mstari wa fedha huko mbali. Katikati wanawake wameinama, kanga zimefungwa magotini, wanaokota kombe na kuchungulia mashimo ya miamba. Mjomba alisimama kimya. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Maji wameyapeleka wapi?"

Nikaanza kueleza mambo ya mwezi, nikaona sijui ninachosema. Miaka kumi na moja! Aliyetuokoa ni nahodha wa boti, kijana aliyekuwa anashona wavu. Akamwamkia mzee, akampa ndoo akalie, akaeleza. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na ushei, kwa hiyo kila siku saa inasogea mbele, karibu dakika hamsini. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku hizo na zinazofuata ni bamvua: yanajaa sana, yanakupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali. "Leo mwezi kumi na sita," alisema. "Pwani yetu hii, siku za bamvua, saa nne asubuhi kavu, saa kumi jioni yamefura. Subirini mpaka saa sita, boti itaelea."

Mjomba aliyasikiliza hayo kama mtu anayesomewa wosia. Ziwa lao, alisema, likisogea linasogea kwa miaka. Mwaka 2020 lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu, na habari hiyo haijaisha kusimuliwa. Hili linapanda na kushuka kila siku na hakuna anayeshangaa?

Akaomba mti. Akapewa ufito, akafunga kitambaa chekundu kwenye ncha ya ufito huo, akatembea na nahodha mpaka ukingo kabisa wa maji, akauchomeka kwa nguvu. Aligeuka akaitazama nchi kavu muda mrefu, mbuyu mmoja na paa moja la bati la bluu. Nilidhani anapumzika.

Saa mbili za kusubiri tulizimalizia kwenye magofu. Hapo ningekushauri ufike hata kama huna safari ya kisiwani. Kuna masalia ya msikiti wa kale na makaburi ya matumbawe, mengi ni ya karne ya 18, mengine yana nguzo ndefu. Kwenye nguzo walipachika sahani za kauri kutoka Uchina. Nyingi zimeng'olewa, yamebaki matundu ya mviringo kama macho. Mjomba alitia kidole ndani ya tundu moja, akauliza sahani zilifikaje. Nikamwambia kwa majahazi: kaskazi ikivuma yanashuka kutoka Uarabuni na Uhindi, kusi ikivuma yanarudi. Akacheka. "Kwa hiyo nao walisubiri, kama sisi leo."

Saa sita boti ikaelea kweli. Mjomba hakupanda mpaka tumevaa majaketi ya kujiokolea, sote, na nahodha pia. Hakueleza na mimi sikuuliza. Tangu kivuko cha MV Nyerere kipinduke karibu na Ukara, kisiwa jirani na kwao, Septemba 2018, kikaondoka na watu zaidi ya mia mbili, kwao jambo hilo halina mjadala.

Dakika ishirini hivi, tukawa Mbudya. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, kwa hiyo kuna kiingilio, na mgeni wa nje hulipa zaidi. Mchanga ni mweupe wa kuumiza macho, vibanda ni vya makuti, na nyuma kuna kichaka chenye mibuyu. Samaki unachagua mwenyewe kabla hajakaangwa. Patana bei akiwa bado mbichi, akishaiva umekwisha wewe.

Mjomba alichovya kidole, akalamba, akatema, akalamba tena. Kisha akaogelea. Alirudi akilalamika kwamba maji haya yanambeba kama mgonjwa, hayamwachi azame. Alipoazima miwani ya kuchungulia chini akakaa sana juu ya matumbawe. Nahodha akamwambia sehemu nyingine za pwani hii zilivunjwavunjwa na wavuvi wa baruti: bomu moja, samaki wa siku moja, na mwamba haurudi. "Sisi tuna kokoro," mzee akajibu. "Linazoa mama, watoto na mayai." Wakabaki wawili hao wanalaumu watu nisiowajua, na mimi nikamaliza chipsi za wote.

Tulirudi saa kumi kasorobo. Pale tulipotembea asubuhi palikuwa bahari tupu, mawimbi yanapiga karibu na mizizi ya mivinje. Mjomba alikaa omo, mbele kabisa ya boti, anatazama ufukwe, mkono umeinuliwa. Kushoto kidogo. Tena. Mbuyu ulipolala sawasawa nyuma ya paa la bluu akaushusha mkono, akasema zima.

"Mti wangu uko hapa."

Nahodha alitazama mbuyu, akatazama paa, akamtazama mzee, akazima mashine bila neno. Kitambaa hakikuonekana. Mjomba akaomba nanga, akaishusha taratibu mpaka kamba ikalegea, akaibana kwa vidole palipogusa maji, akaivuta ndani. Halafu akaipima kifuani, mikono yote miwili wazi, kama walivyopima babu zake.

"Pima moja," akahesabu. "Mbili, kasoro shubiri."

Akaikunja kamba vizuri, akamrudishia mwenyewe, akamuuliza kesho yatajaa saa ngapi.